Somo: Kambi ya Watoto Ndani ya Kambi

Mafungu ya kusoma: Walawi 23:39-43, Kumbukumbu la Torati 16:13-15, Nehemia 8:13-18, Mwanzo 37 hadi 45, Matendo ya Mitume 11:19-26.



Shule hapa Uganda zitafungwa mwanzoni mwa Desemba, na watoto wetu watakuwa nyumbani mpaka muhula wa kwanza utakapofunguliwa baada ya Januari. Ni karibu miezi miwili. Kila mzazi anajua miezi hiyo ilivyo. Wadogo wanashinda barabarani, wakubwa wanashinda kwenye vibanda vya video, na wasichana wanashinda kisimani na mtoto mgongoni. Kwa sababu hiyo wazee wa kanisa wamekubali kwamba msimu huu tufanye kambi nne za watoto, moja katika kila kanda ya makazi, kila moja siku tano. Somo hili ni la walimu watakaohudumu. Hata hivyo tunaomba baba na mama nao walisome, maana watoto ni wenu kabla hawajaketi mbele yetu.

NENO LENYEWE

Katika vitabu vingi vya huduma ya watoto, kambi ni jambo la furaha tupu. Mtoto anaondoka mjini, analala hemani, anaota moto usiku, anasikia Neno la Mungu, kisha anarudi nyumbani kwenye kitanda chake. Kwetu neno hilo lina uzito mwingine. Serikali inapaita mahali hapa makazi, lakini sisi wenyewe kwa mazoea tunasema "kambini". Mtoto mmoja wa darasa la tatu alipopewa mwaliko alimwuliza mwalimu, "Kambi? Tunahamishwa tena?" Hakuwa anatania.

Basi kabla hatujakata nguzo moja, tujiulize: mtoto ambaye tayari analala chini ya turubai, tutamwalika kwenye turubai jingine kwa faida gani?

Biblia inatusaidia sana hapa. Katika Walawi 23 Mungu aliwaamuru Israeli wakae katika vibanda siku saba kila mwaka, ili vizazi vyao vijue kwamba aliwakalisha babu zao katika vibanda alipowatoa Misri. Angalieni vizuri amri hiyo ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya watu ambao siku moja wangekuwa na nyumba za mawe, mizabibu na ghala. Mwenye nyumba alitoka nje akae kwenye matawi ili asisahau njia aliyopitishwa. Watoto wetu hawahitaji kukumbushwa kibanda ni kitu gani. Wanakijua kuliko mwalimu wa Biblia aliyekisoma darasani.

Wanachokosa ni ile nusu nyingine ya sikukuu. Fungueni Kumbukumbu la Torati 16. Pale Mungu hasemi habari za matawi, anaamuru furaha. Tena anawataja wanaopaswa kufurahi mmoja mmoja: mwana na binti, mtumwa wa kiume na wa kike, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wapendwa, hiyo ni karibu orodha ya makazi yetu. Mgeni, yatima na mjane hawakuwekwa pembeni wapewe makombo ya sikukuu. Wameingizwa ndani yake kwa amri.

Na Nehemia 8 inatufikisha karibu zaidi. Watu waliojenga vibanda siku zile walikuwa wametoka uhamishoni. Mwandishi anasema jambo kama hilo halikuwa limefanyika hivyo tangu siku za Yoshua mwana wa Nuni. Vizazi vingi vilivyokaa salama nchini havikuifanya sikukuu kama walivyoifanya watu waliotoka kwenye utumwa. Nao hawakukaa kwenye matawi tu. Kila siku, tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, Ezra alisoma katika kitabu cha torati.

Kwa hiyo shabaha yetu ni hii: siku tano za furaha iliyoamriwa na Mungu, pamoja na Neno lake kila siku. Hatumwondoi mtoto nyumbani kwake. Kila jioni anarudi kwa mama yake kabla jua halijazama, na anachokisikia kwetu akakisimulie pale pale kwenye mkeka.

WALIOTUTANGULIA

Huduma ya namna hii ina historia, na ni vema walimu waijue.

Mwaka 1867 huko London, Mwingereza aitwaye Josiah Spiers alianza kuwakusanya watoto na kuwafundisha Injili kwa lugha wanayoielewa. Mwaka uliofuata alikuwa pwani ya Llandudno, nchi ya Wales, wakati familia nyingi ziko mapumzikoni. Aliandika mchangani, kwa herufi kubwa, kwamba Mungu ni pendo, akawaita watoto wazipambe herufi zile kwa mawe madogo na mwani. Walipomaliza aliwasimulia habari za Yesu. Hakuwa na hema wala jukwaa, alikuwa na mchanga. Ndivyo zilivyoanza huduma za watoto za ufukweni wakati wa likizo. Kutoka katika kazi hiyo likatokea shirika la Scripture Union, ambalo ndugu zetu waliotoka Bukavu, Uvira na Bujumbura wanalifahamu kwa jina la Kifaransa, Ligue pour la Lecture de la Bible.

Lakini jambo la kujifunza kwa Spiers na wenzake si herufi za mchangani. Maji yalipojaa yalizifuta. Mwaka 1879 walianzisha mpango wa kusoma Biblia kila siku kwa kadi, ili mtoto akirudi kwao awe na fungu la kusoma leo, na kesho, na kesho kutwa. Kambi ilipita, kadi ikabaki mkononi. Tutalirudia hilo.

Kuna mwingine, Bibi Hawes wa kanisa la Kibaptisti mjini New York. Mwaka 1898 aliwaona watoto wa wahamiaji wa upande wa mashariki wa mji wakizurura mitaani shule zikiwa zimefungwa kwa kiangazi. Alitafuta mahali pa kuwafundishia, na alipopapata palikuwa ukumbi wa kuuzia bia! Akapakodi, akafundisha Biblia, nyimbo na kazi za mikono. Miaka michache baadaye, mwaka 1901, mchungaji Robert Boville aliueneza mpango wa namna hiyo katika makanisa ya mji ule, akiwatumia wanafunzi wa vyuo kuwa walimu. Tunalisema hili kwa wale wanaodai kambi haiwezekani mpaka tupate ukumbi. Kivuli cha mwembe si kibaya kuliko ukumbi wa bia.

NANI MMISIONARI?

Tukisikia neno mmisionari, wengi wetu tunamwona mtu aliyeshuka kwenye gari jeupe. Matendo 11 inatupa picha tofauti. Kanisa la Antiokia lilianzishwa na watu waliotawanyika kwa sababu ya dhiki iliyotokea kwa habari ya Stefano. Walikuwa wakimbizi. Hata majina yao hayakuandikwa. Tunaambiwa tu kwamba baadhi yao walikuwa watu wa Kipro na Kirene. Walifika katika mji wa ugenini, wakasema habari za Bwana Yesu hata kwa watu wasio wa kabila lao, na mkono wa Bwana ukawa pamoja nao. Walimu wetu wa Shule ya Jumapili, hao ndio baba zenu katika huduma. Hamkutumwa na bodi yoyote, mlitawanywa. Lakini kazi ni ile ile.

Kisha akaja Barnaba, ametumwa kutoka kanisa mama la Yerusalemu. Alifanya nini? Alitazama neema ya Mungu iliyokuwa imekwisha kufanya kazi, akafurahi. Akawatia moyo. Akaona kazi inamzidi, akaenda Tarso kumtafuta Sauli, na wote wawili wakakaa na kanisa lile mwaka mzima wakifundisha.

Tunasisitiza habari hii kwa sababu kila mwaka kanisa letu hupokea barua za wageni wanaotaka kufanya kambi ya watoto hapa. Tunawashukuru, na upendo wao hatuutilii shaka. Mara nyingi huomba kuja Juni au Julai, kwa kuwa huko kwao ndiyo likizo ya kiangazi. Lakini Juni na Julai watoto wetu wako katikati ya muhula wa pili! Tumewahi kuona kikundi kimoja kikikusanya watoto siku za shule. Madarasa yalibaki nusu, fulana zikagawiwa, mikono ikanyoshwa, ikahesabiwa, picha zikapigwa, na siku ya nane gari likaondoka. Mwaka uliofuata kikaja kikundi kingine na watoto wale wale wakanyosha mikono ile ile. Mtoto hana kosa. Ameulizwa na mgeni mwenye zawadi kama anampenda Yesu, atajibuje?

Wazee wamekubaliana hivi. Msimu wa kambi utafuata likizo ya mtoto, si likizo ya mgeni. Mgeni anakaribishwa kwa moyo wote, nasi tutamwomba awe Barnaba: afike wiki moja kabla, akae na walimu wetu, awafundishe anachokijua cha kufundisha watoto, kisha wakati wa kambi akae pembeni awashike mkono. Walimu watakaosimama mbele ni hawa ambao mtoto atawakuta kisimani Februari. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji hawezi kupona kama kazi yote inaondoka na mgeni.

MUDA, MAJI NA UJI

Desemba na Januari ni wakati wa kuvuna maharagwe na mahindi ya msimu wa pili. Mzazi hawezi kumwachia mtoto kutwa nzima, na tusimlaumu. Kambi itaanza saa nane mchana na kumalizika saa kumi na moja, ili asubuhi mtoto awe shambani na jioni apate muda wa kuteka maji.

Watoto waandikwe kuanzia miaka sita hadi kumi na minne. Hata hivyo tunawaonya walimu wasisimame langoni na kanuni hiyo kama askari. Msichana wa miaka kumi mara nyingi huja na mdogo wake mgongoni. Ukimwambia mtoto mchanga haruhusiwi, umemfukuza dada yake, na ndiye anayehitaji mapumziko kuliko wote. Akina mama wawili katika kila kanda watakaa na wadogo chini ya kivuli, ili kwa mara moja msichana huyu aruke kamba mgongo ukiwa mwepesi.

Sasa chakula. Tangu mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilipogawa kaya za wakimbizi hapa Uganda katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao, kila mkusanyiko wenye sufuria hujaa. Wengine wametuuliza kama ni halali kumpa mtoto uji na Neno pamoja, isije ikawa tunamnunua. Swali hilo ni zuri. Bwana Yesu aliliona kabla yetu. Katika Yohana 6 aliwaambia makutano wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Lakini tazameni: alisema hayo baada ya kuwalisha, na hakujuta kuwa aliwalisha. Basi sisi tutapika, ila hatutatangaza chakula. Katika mwaliko tutaandika nyimbo, michezo na hadithi za Biblia. Uji utatolewa saa tisa na nusu kwa kila mtoto aliyepo, awe ameimba au amekaa kimya, awe wa kanisa letu, wa kanisa jingine, au wa jirani Mwislamu. Asiulizwe swali lolote wakati wa kupewa kikombe.

Kwa wapishi: kilo moja ya unga hutoa kama lita kumi za uji. Tukiwa na watoto 120, na kila mmoja apate kikombe cha robo lita au kuzidi kidogo, kilo nne za unga zinatosha kwa siku, yaani kilo 20 kwa kambi moja na 80 kwa msimu wote. Kila nyumba ya washirika ikileta vikombe viwili vya unga tutafika bila kuandika barua kwa mtu yeyote. Maji ya kunywa yachemshwe jana yake. Watoto 120 wanahitaji jerikani sita za lita 20, na nyingine mbili za kunawa mikono, pamoja na sabuni.

MAMBO TUTAKAYOYAACHA

Vitabu vya kambi tulivyonavyo vimeandikwa kwa ajili ya watoto wa nchi zenye amani. Vina mengi mazuri, lakini mengine hayawafai watoto hawa.

Hatutawasha moto mkubwa usiku. Huko ulikoandikwa, moto ule ni raha. Hapa kuna watoto walioona nyumba yao ikiteketea usiku. Hatutacheza michezo ya kuwinda na kukamata, ya kumfumba mtoto macho, wala ya bunduki za miti. Baluni za kupasua hapana. Mkusanyiko utaitwa kwa ngoma na wimbo, siyo filimbi. Mtoto asiyetaka kuingia katika duara asivutwe mkono. Mwalimu mmoja akae naye kando, hata kama hawasemi neno.

Mwalimu asikae peke yake na mtoto mahali pa faragha. Wawe watu wazima wawili, mahali panapoonekana. Hakuna atakayepiga picha ya mtoto bila idhini ya mzazi wake, awe mgeni au mmoja wetu mwenye simu. Na wazazi wote waambiwe ukweli kabla ya siku ya kwanza: hii ni kambi ya Kikristo na watoto watafundishwa Biblia. Mzazi wa imani nyingine akikataa, tumheshimu. Akikubali, amekubali akijua.

Jambo moja zito. Siku ya tatu au ya nne mtoto anaweza kumwambia mwalimu neno ambalo hajawahi kumwambia mtu, la kupigwa, au la kuguswa vibaya, au la mambo yaliyotokea njiani. Mwalimu asishtuke wala asimhoji mtoto kama polisi. Asikilize, amwambie kwamba amefanya vema kusema. Asiahidi kutunza siri, maana ahadi hiyo hawezi kuitimiza. Siku hiyo hiyo amweleze mratibu wa kambi, naye atawasiliana na maofisa wa ulinzi wa watoto. Kuomba tuombe, lakini maombi yasiwe kifuniko cha kufunikia jambo ambalo sheria inataka litolewe.

YUSUFU KWA SIKU TANO

Tumechagua habari za Yusufu. Siku ya kwanza ni Mwanzo 37, kanzu na shimo. Siku ya pili ni sura ya 39 na 40, nyumba ya Potifa na gereza. Kwa wadogo inatosha kusema kwamba alisingiziwa. Siku ya tatu ni sura ya 41, ndoto za Farao na ghala. Siku ya nne ni sura ya 42 hadi 44, ndugu wanakuja kununua nafaka. Siku ya tano ni sura ya 45.

Mwalimu atashangaa jinsi watoto hawa wanavyoielewa habari hii bila maelezo mengi. Kuuzwa na watu wa kwenu, kupelekwa nchi ya lugha nyingine, kufungwa bila kosa, foleni ya chakula, baba aliyebaki nyumbani asijue kama mwanawe yu hai. Hata lile la Mwanzo 42:23, kwamba Yusufu alisema na ndugu zake kwa mkalimani. Watoto wangapi wetu ni wakalimani wa mama zao hospitalini na kwenye ofisi? Waulizeni siku ya nne: ukiwa mkalimani, ni neno gani gumu zaidi kulisema? Kisha nyamazeni, waseme wao.

Tena Yusufu mkimbizi ndiye aliyewalisha wenyeji. Watoto wa majirani zetu Waganda wanaosoma na wetu darasa moja waalikwe, na sehemu hiyo wasiikose.

Tumefika mahali ambapo tunataka walimu wawe waangalifu kuliko pote, nayo ni siku ya tano. Katika kambi nyingi siku ya mwisho ndiyo siku ya kuita watoto mbele, waseme wamesamehe. Katika makazi haya wanaketi pamoja watoto ambao baba zao walipigana. Wanajua. Wanajua kwa jina la kabila na kwa lafudhi. Kishawishi ni kikubwa cha kuwashikanisha mikono mbele ya watu ili sisi wakubwa tulie machozi ya furaha.

Hesabuni miaka ya Yusufu. Alikuwa na miaka 17 habari ilipoanza (37:2). Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na 30 (41:46). Ikapita miaka saba ya shibe, na miwili ya njaa ilikuwa imekwisha pita alipojitambulisha kwa ndugu zake (45:6). Hapo alikuwa na miaka kama 39. Ni miaka 22! Na hata walipokuja mara ya kwanza hakuwakumbatia. Aliondoka akaenda kando akalia (42:24). Mara ya pili aliingia chumbani akalia, akanawa uso, akajizuia (43:30). Mara ya tatu ndipo aliposhindwa kujizuia, akalia kwa sauti hata Wamisri wakasikia. Mungu alimpa Yusufu miaka 22 na vilio vitatu. Sisi ni nani tumpe mtoto wa Mungu siku tano?

Kwa hiyo siku ya tano tutasimulia habari yote, na tutasema wazi kwamba Yesu anasamehe na anatufundisha kusamehe. Anayetaka kuomba atakaa na mwalimu wake aombe. Lakini hakuna mtoto atakayesimamishwa mbele atamke kwamba amewasamehe waliomwua baba yake. Akilisema mwenyewe, utukufu kwa Mungu. Asipolisema mwaka huu, hajafanya dhambi katika kambi yetu.

Vivyo hivyo na mtoto anayesema anataka kumpokea Yesu. Tusimkatalie, na tusimharakishe. Aombe kwa maneno yake, jina lake liandikwe, na jioni hiyo mwalimu amsindikize nyumbani amweleze mzazi.

BAADA YA SIKU YA TANO

Hapa tunarudi kwa ile kadi ya mwaka 1879. Hatuna uwezo wa kuchapa, ila tuna madaftari ya mistari. Kila mtoto atapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono yenye mafungu 30 mafupi kutoka Injili ya Marko, fungu moja kwa siku. Vijana wa kwaya wamekubali kuandika. Nyumba isiyo na Biblia itasoma pamoja na nyumba jirani. Wazee wa kanda wanazo orodha za wenye Biblia za Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi.

Kila mwalimu atapewa majina kumi katika daftari. Katika wiki mbili baada ya kambi ya kanda yake atembelee nyumba zote kumi, mara moja angalau, bila zawadi. Aketi, asalimie wakubwa kwanza, asikilize fungu la siku likisomwa. Mama atakayesema hana nafasi ya mtoto kusoma, mwalimu amsaidie kumenya mihogo huku mtoto anasoma.

Wageni wataomba hesabu, na wazee nao. Mwisho wa kambi tutatoa hesabu ya watoto waliofika na vikombe vya uji, basi. Hesabu nyingine tutaitoa Jumapili ya kwanza ya Machi, mvua zitakapokuwa zimeanza na wengine wamerudi shambani: ni majina mangapi katika kila daftari bado yanaonekana Shule ya Jumapili, na ni nyumba ngapi bado zinasoma.

Barua ya ruhusa ya mikusanyiko imekwisha pelekwa ofisi ya makazi. Mafunzo ya walimu ni Jumamosi mbili za mwisho za Novemba, saa tatu asubuhi, kanisani. Kila mmoja aje na Biblia, daftari na kalamu. Unga upokelewe na mama wa kanda.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Someni Kumbukumbu 16:14. Katika mtaa wenu, mgeni, yatima na mjane ni akina nani kwa majina? Nani atawapelekea watoto wao mwaliko?

2. Watu wa Matendo 11:20 hawakutajwa majina. Ni kazi gani za kanisa letu zinazofanywa na watu wasiotajwa, nasi tunawasaidiaje?

3. Yusufu alilia mara tatu kabla ya kujitambulisha. Nyumbani kwenu mtoto anaweza kulia mbele ya nani?

4. Nyumba yenu itatoa nini: unga, kuni, jerikani, kivuli, au mtu?